Amri ya Kuondoka

Kituoni
Machi 4

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mpishi ameniambia nianze na afya yako, kwa sababu eti nyie watu wa mjini mnapenda kuulizwa. Haya, u hali gani? Dada, huyo bintiyo, ameniandikia kwamba kifua kimetulia na unakula vizuri. Nimefurahi.

Sisi hatujambo, ila si sana. Idara ya Majengo imetuletea notisi. Wanataka ghala lao. Ndivyo wanavyotuita: ghala. Ukumbi tunaochezea dansi Jumamosi ni ghala. Chumba cha kusafishia vidonda ni ghala. Darasa lako la jioni ni ghala, na jiko la Mpishi, lenye masizi ya tangu sijazaliwa, nalo ni ghala. Wakishatutoa watalibomoa, pawe mahali pa kuegesha magari.

Shauri letu litasikilizwa na Baraza la Ardhi. Wakili amesoma kila kitu na anasema tuna mguu mmoja tu wa kusimamia, lakini ni mguu wa chuma. Mguu wenyewe ni ile amri ya Kapteni iliyowaweka ninyi askari hapa wakati wa vita: "Lindeni ghala hili mpaka mtakapopokewa." Kapteni akafa, vita vikaisha, na hakuna aliyekuja kuwapokea. Kwa hiyo, anasema wakili, dola yenyewe ndiyo iliyotuweka hapa na haijatuondoa kazini. Haiwezi kuwafukuza walinzi wake ikawaita wavamizi.

Nilicheka nilipomsikia, maana ndivyo marehemu baba alivyokuwa akisema kila siku ya maisha yake. "Sijapokewa zamu." Nilidhani ni utani wa wazee. Kumbe ni sheria.

Na lindo bado tunalishika. Wajane nao wameingia kwenye zamu, kwa sababu wanaume mnatuishia. Jana Mama Cherehani alikwenda kumpokea Fundi Viatu pale mlangoni. "Kuna jipya?" "Hakuna jipya, ila goti." Akamwachia kiti, akaenda zake akichechemea.

Sasa ombi langu. Wewe ndiye uliyekuwa mtu wa redio. Amri yoyote ilikuwa lazima ipite masikioni mwako kabla ya kumfikia baba. Wakili anataka hati ya kiapo kutoka kwako: kwamba amri ya kuondoka haikuja kamwe. Ni mistari michache tu, mbele ya kamishna wa viapo, na sahihi yako. Dada anaweza kukupeleka.

Mwanao,
Mwenyekiti
(Ndiyo, wamenichagua tena. Hakuna mwingine aliyetaka.)


Nyumbani kwa binti yangu
Machi 11

Mwenyekiti, mwanangu,

Marahaba. Mwambie Mpishi kwamba afya yangu ni nzuri kuliko upishi wake.

Barua yako nimeisoma mara nyingi. Imenirudisha mbali. Wewe Kituo umekikuta kimesimama, kina ratiba, kina viti. Sisi tulikikuta kina marundo ya mablanketi na mapipa ya mafuta ya taa, na panya walionenepa kuliko sisi.

Chumba cha vidonda hakikuanzishwa na kikao. Asubuhi moja alikuja mama mmoja wa jirani, mkono umeungua. Mpishi akachemsha kitambaa, akamfunga, akamtukana kwa kuchelewa. Kesho yake wakaja wanne. Darasa nalo lilianza kwa ugomvi. Fundi Viatu alikuwa hajui kusoma, akaona orodha ya zamu ukutani, akadhani kila jina refu ni lake, akashika lindo tangu jioni hadi jioni bila kupumzika. Tulipomcheka alinikaba shati: "Wewe si ulikuwa mwalimu? Basi nifundishe, au nikuvunje pua." Nikamfundisha. Akaleta wenzake. Baadaye wakaja na watoto.

Na dansi? Kulikuwa na mmoja wetu aliyepoteza mguu, akawa anakaa na uso ukutani. Jumamosi moja baba yako alimnyanyua mgongoni, akazunguka naye ukumbi mzima huku Mpishi akipiga sufuria. Baba yako hakujua kucheza hata chembe. Alikuwa akikanyaga kama anaua siafu. Lakini yule bwana alicheka, na wiki iliyofuata akauliza, "Leo hatuchezi?"

Haya niliona uyajue kutoka kwangu.

Kuhusu hati, mkono unatetemeka siku hizi. Nitaona.

Baba yako mkubwa,
Redio


Kituoni
Machi 15

Baba Mkubwa,

Shikamoo. Asante kwa hadithi. Niliisomea meza nzima wakati wa chakula cha mchana, na Fundi Viatu amekana kila kitu, hasa habari ya shati.

Lakini hati hukuleta. Nakujua, ukianza kusimulia, kuna jambo unalikwepa. Kama ni mkono, hapa nimekufungia karatasi ambayo wakili ameshaipiga chapa. Huhitaji kuandika. Weka sahihi tu, hata ikitoka kama nyayo za kuku. Shauri limepangwa Aprili 6. Mimi mwenyewe, kwa niaba ya wanachama, nitasimama mbele ya Baraza na kuapa kwamba amri haikuja. Neno langu bila lako ni tetesi. Mimi nilikuwa sijazaliwa.

Hapa mambo ni shwari. Usiwe na wasiwasi.

Mwanao,
Mwenyekiti

Redio, mimi Mpishi. Ameniachia nibandike bahasha, na mimi nimeona pa kuandika. Si shwari. Wametukatia maji tangu Jumatatu. Tunachota kwa ndoo kule shuleni, wajane wamejipanga mstari kama kikosi. Mwanao hali, halali, anajifanya mwanamke wa chuma. Tia sahihi wewe mzee, acha madaha. Mji umekulainisha.


Nyumbani kwa binti yangu
Machi 20

Mwanangu,

Usiape. Weka barua hii chini, nenda ukamwambie wakili kwamba hutaapa, kisha rudi uisome.

Amri ilikuja.

Ilikuja alasiri moja, mvua ikinyesha, muda mfupi baada ya mapigano kusitishwa. Kapteni tulikuwa tumeshamzika, baba yako, Sajini, ndiye aliyeshika uongozi. Nilikuwa peke yangu katika kile chumba ambacho sasa mnawekea viti. Sauti ya makao makuu ikasema: kituo kifungwe, silaha zirudishwe, kila mtu aende kwake kwa njia yake. Nikaijibu kama nilivyofundishwa. Nikairudia amri neno kwa neno, nikasema nimepokea.

Halafu nikatazama dirishani. Baba yako alikuwa amekaa barazani na Kimya. Wewe ulimjua Kimya akiwa mzee aliyekutengenezea vibao vya kuchezea. Siku zile alikuwa mtu asiyeweza kufumba macho mpaka mwenzake akae macho kando yake. Mkono wa kulia ulishaondoka, na baba yako alikuwa anamfundisha kushika kijiko kwa wa kushoto. Supu ilikuwa inammwagikia magotini, nao wanacheka.

Kila mtu aende kwake. Kwa Kimya kulikuwa kumeteketezwa, na mimi niliyekuwa nasikiliza redio nilijua ni upande wetu uliokuteketeza. Fundi Viatu kwao walishamwekea matanga. Mke ameshaolewa na mwingine. Nilijiuliza yule bwana wa makao makuu, aliposema "kwake", alikuwa ameiona nyumba gani kichwani.

Baba yako akainua uso. "Redio, kuna jipya?"

Nikasema, "Hakuna jipya."

Maneno mnayopokezana pale mlangoni ndiyo hayo. Mnayasema kama sala, mwanangu, na ni uongo wangu.

Kesho yake nikafungua redio, nikatoa kipande kidogo cha ndani, kinene kama kidole gumba, nikakitupa chooni. Bila hicho redio ni sanduku. Nikasema imeharibika. Kwa miezi nilijifanya naitengeneza. Wenzangu wakanihurumia, Mpishi akawa ananiletea supu palepale mezani, eti nisivunjike moyo. Nikainywa.

Sasa sikiliza. Mimi ni mtu wa kitabu na najua tofauti ya kuungama na kutubu. Hapa naungama. Sitatubu. Kama ningerudishwa kwenye kile chumba leo, na pumzi hizi nilizobakiwa nazo, ningesema tena hakuna jipya. Amri ile ilikuwa ya kipumbavu, iliyotolewa na mtu aliyekuwa amechoka kutuhesabu. Waliozikwa na Kituo wakiwa na watu pembeni, waliosoma pale, waliofungwa vidonda pale, hao ndio jibu langu, na sihitaji jingine.

Lakini nilinyamaza kwa hiari yangu, na mzigo ulikuwa wangu. Kiapo kitakuwa chako. Huko makao makuu huenda bado yupo aliyeitamka ile amri, au aliyeisikia. Watakufunga wewe, si mimi, mimi hawatanikuta. Dada yako amekuandikia kwamba kifua kimetulia. Hakijatulia. Daktari ameshaacha kuniambia habari za mwaka ujao.

Karatasi ya wakili nimeichana.

Redio


Kituoni
Machi 24

Baba Mkubwa,

Baba aliitwa kazi ya reli nikiwa na miaka sita. Kazi nzuri, na nyumba juu yake. Mama alishafunga mizigo. Baba akasema hawezi, hajapokewa zamu. Mama akabeba mzigo wake peke yake akaondoka, na mimi nilibaki nimeshika suruali ya baba pale mlangoni. Nimekua nikijiambia kwamba hakuwa na la kufanya. Alikuwa na amri. Askari ni askari.

Sasa unaniambia alikuwa huru. Kwamba alikuwa mtu huru aliyekaa mlangoni kwa sababu wewe ulitazama dirishani ukamwamulia.

Uliwaza habari za Kimya, ukawaza za Fundi Viatu. Mimi hukuniwaza.

Barua yako nitaichoma. Aprili 6 nitakwenda mbele ya Baraza na nitaapa kwamba amri haikuja, kwa sababu watu hawa hawana pengine pa kwenda, na kwa sababu siwezi kuwaambia uso kwa uso kwamba wamelinda hewa. Usiniandikie.

Mwenyekiti


Jikoni
Machi 25

Wewe Redio,

Mwandiko wangu unaujua, vumilia. Shule yenyewe ulinipa wewe na hukuimaliza.

Nimemkuta Mwenyekiti jikoni kwangu, barua mkononi, anatazama moto lakini haitii humo. Nikamnyang'anya. Nimeisoma yote, polepole, mpaka maharage yakaungua. Nimekasirika sana. Si kwa ulilofanya. Kwa huo ujinga wako wa kufikiri sisi ni viziwi.

Mzee, siku ile mimi nilikuwa chini ya dirisha lako, namenya vitunguu, nimejikinga mvua. Mtambo ulikuwa unakoroma, na wewe ulikuwa unapiga kelele kama mnadi samaki. "Nimepokea! Kituo kifungwe! Silaha zirudishwe!" Hata mbuzi wa jirani aliipokea. Halafu Sajini anauliza, na wewe, mwalimu mzima, unasema hakuna jipya, na kitunguu kikaniponyoka.

Jioni nikamfuata Sajini kwenye kuni. Nikamwambia, "Afande, amri imekuja, nimeisikia kwa masikio yangu." Alikuwa anapasua gogo. Akapasua la pili. Akasema, "Wewe ni nani hapa?" Nikasema mpishi. "Mpishi anapokea amri?" Nikasema hapana, afande. "Anayepokea amri ni mtu wa redio, na mtu wa redio amesema hakuna jipya. Basi hakuna jipya. Nenda kapike."

Na unadhani ni nani aliyeanzisha kuulizana "kuna jipya?" pale mlangoni? Ni yeye. Asubuhi ileile iliyofuata. Alisimama mbele ya kila mtu, akamtazama machoni, akamuuliza. Wakajibu mmoja mmoja hakuna jipya. Nami nikajibu. Wewe ulikuwa ndani unaiua redio, hukuona.

Kile kidude ulichotupa, Kimya ndiye aliyezibua choo msimu ule. Akanijia nacho kwenye koleo. Nikamwambia akirudishe alikokitoa. Akakirudisha. Fundi Viatu alikwenda mjini kutafuta ngozi, akaona vikosi vingine vinapanda magari kurudi makwao, wanaimba. Akarudi na ngozi yake, hakusema neno. Miaka ikapita. Kila mmoja alikuja kwangu kwa wakati wake, maana mtu anayekupakulia chakula ni rahisi kumwambia mambo. "Mpishi, nina siri. Nadhani Redio alificha kitu. Tusimwambie kwamba tunajua, atavunjika moyo." Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake. Nami nikawaambia kila mmoja sawa, nitanyamaza. Nilichoka kunyamaza kuliko kupika.

Kwa hiyo ile supu nilikuletea nikijua huna unachotengeneza. Nilifikiri uongo wa namna ile unachosha, na mtu ale.

Mwanao nimemwambia yote haya. Kwamba baba yake alijua. Kwamba siku ya ile kazi ya reli alichagua huku mlango uko wazi kabisa. Sijui kama nimefanya vyema. Alikuwa na uchungu mwepesi, nimempa mzito. Alikaa juu ya gunia, akaniuliza, "Alinichagua mimi au alichagua Kituo?" Nikasema mama yako alitaka kukuchukua, na baba yako akakuuliza wewe, na wewe ndiye uliyeshika suruali. Akasema hakumbuki hivyo. Nikasema mimi nakumbuka, nilikuwepo.

Halafu akainuka. Ameosha sufuria zangu zote kwa maji ya ndoo, ambayo ni ya kunywa. Sikumkemea.

Tufanye nini? Siku inakuja.

Mpishi


Nyumbani kwa binti yangu
Machi 30

Mpishi, mwizi mkubwa wewe,

Mliniibia siri yangu mkaitumia miaka yote bila kuniambia. Nimecheka mpaka binti yangu akaja mbio na dawa. Halafu nikalia, na hilo nalo lina dawa yake, akaleta.

Nimekuwa nikijiona mtu mmoja aliyeshika mlango usiwaangukie wenzake. Kumbe wote mlikuwa mmeushika, na kila mmoja kafumba macho asimwaibishe mwingine. Mungu awarehemu waliotangulia. Wewe bado nitakudai maelezo.

Umeniuliza tufanye nini. Wakili wetu ni mwerevu lakini ameusimamia mguu mbovu. Anataka tuseme tulikaa kwa sababu tuliamriwa. Sasa mimi na wewe tunajua si kweli, na hatujawahi kuwa na fahari kubwa kuliko hii. Hatukusahauliwa pale. Tuliambiwa twende, tukakataa, askari wote waliokuwapo, bila kikao. Kwa nini twende tukaapie udhaifu wakati tuna ukweli unaosimama wenyewe?

Kamishna wa viapo amekuja kitandani kwangu leo. Hati nimeifunga humu. Mpe Mwenyekiti. Amesema nisimwandikie, kwa hiyo simwandikii. Nakuandikia wewe, na wewe una mdomo. Mwambie asilazimike kuitumia. Mwambie pia kwamba amenena kweli: siku ile sikumwaza. Nilikuwa namtazama baba yake akicheka, na sikujua kwamba humo ndani ya kicheko kile palikuwa na mtoto atakayekuja.

Redio

Hati yenyewe ni hii, nimeinakili usije ukaimwagia mafuta:

"Mimi, niliyekuwa mtu wa mitambo katika Kituo, naapa kwamba amri ya kuondoka ilikuja nami niliipokea. Sikuifikisha. Wenzangu waliijua nao hawakuitii. Tuliobaki hatujabadili mawazo."


Kituoni
Aprili 7

Baba Mkubwa,

Shikamoo.

Jana Baraza lilijaa. Nilikuwa na karatasi mbili mkobani, kiapo changu alichoandika wakili na hati yako, na mpaka nainuka sikuwa nimeamua. Karani akaniambia niinue mkono. Nikauinua. Nikawatazama wazee wetu waliokaa kwenye benchi la nyuma wakiwa wamepiga pasi, Fundi Viatu ameng'arisha viatu vya wote. Nikajua nikitamka lile la uongo, watu hawa wataniheshimu na kunihurumia, kama walivyokuhurumia wewe, na nitaletewa supu maisha yangu yote.

Nikatoa ya kwako. Wakili alinivuta koti. Nikasoma.

Mwenyekiti wa Baraza ni mzee mwenye miwani. Akaivua. "Mama, unaelewa ulichosoma? Unakiri kwamba mlikaa pale bila amri?"

"Si bila amri, mheshimiwa. Kinyume cha amri."

"Hilo linawaharibia shauri."

"Najua."

Akauliza kama kuna mwingine anayethibitisha. Mpishi akasimama. "Nilikuwa dirishani, mheshimiwa, namenya vitunguu." Watu wakacheka. Akaongeza, "Nilijua, nikabaki." Akakaa. Akasimama Fundi Viatu: "Nilijua, nikabaki." Akasimama na yule bwana wetu wa mguu mmoja, akashika bega la mwenzake: "Na mimi." Wakatazamana, Baba Mkubwa. Ungewaona. Wamekula meza moja tangu ujana, na ndiyo kwanza wanaambiana. Fundi Viatu akamgeukia Mpishi mbele ya Baraza: "Wewe si uliniambia ni mimi peke yangu?" Karani akagonga meza.

Kisha akasimama Mama Cherehani, ambaye wakati wa vita alikuwa mtoto wa kijiji cha jirani. "Mimi sikujua habari za amri. Ila yule mama aliyeungua mkono alikuwa mama yangu. Hawa wangeondoka kama walivyoambiwa, angefungwa na nani?" Benchi za nyuma zikaanza kusimama, watu wa mtaani, waliosoma kwako, wengine wana mvi. Hawakuulizwa. Walisimama tu.

Tumeshindwa. Baraza limesema sheria ni sheria, na Kituo kirudishwe kwa Idara ifikapo Aprili 20. Mwenyekiti wa Baraza alisoma hukumu akitazama meza. Wakili hasemi nami.

Jioni tulikaa ukumbini. Nilisema wapige kura, anayetaka kuondoka aondoke bila lawama, kuna jamaa watakaompokea. Mpishi akauliza kwa sauti, "Nani anaondoka?" Hakuna mkono. "Haya, nani anataka chai?" Ndiyo kura tuliyopiga. Shule imetupa maji, wazazi wamevuta mpira mpaka uwanjani kwetu. Wafanyakazi wa Idara walikuja leo kupima ukuta, na walimu walikuwa wameleta darasa zima ndani, wamekaa chini, wanasoma kwa sauti. Wakapima huku wanaruka miguu ya watoto. Wakakosea, wakapima tena, wakaondoka.

Mimi na wewe bado. Nimejaribu kukusamehe nikakuta sina cha kukusamehe, na hilo ndilo linaloniudhi. Ningependa uwe na kosa, ningelala vizuri zaidi. Baba alijua, akakaa. Aliniuliza, nikamshika. Nimeanza kukumbuka kitambaa cha ile suruali, au labda Mpishi amenikumbusha.

Dada ameniandikia ukweli kuhusu kifua. Chumba cha vidonda kina kitanda na dirisha. Sikuiti. Nakwambia tu kwamba kipo.

Mwanao,
Mwenyekiti


Nyumbani kwa binti yangu
Aprili 12

Mwenyekiti,

Marahaba. Barua hii anaiandika dada yako, mimi nasema. Nikikohoa anaacha nafasi.

Daktari amesema njia itaniua. Nimemwuliza kitanda hiki kimeahidi kunifanya nini. Amekwenda kumtafuta mkubwa wake.

Nakuja. Usinitayarishie chumba cha vidonda, waachie wenye vidonda. Niweke ukumbini, katikati ya mlango mkubwa, ule ambao mashine zao lazima zipite. Kitanda kiwe cha chuma, kile kizito. Mpishi asinipikie supu. Miaka yote hiyo nimeinywa kwa adabu tu.

Tarehe 20 wakifika, usibishane nao. Wewe ni Mwenyekiti, kaa kwenye kiti. Waambie hapa kuna mgonjwa, na kwamba mgonjwa ndiye aliyekataa ile amri ya kwanza, kwa hiyo ya pili nayo waniletee mimi. Wanisomee kwa sauti, sisikii vizuri. Nitawaomba warudie. Nitawaomba warudie tena. Wakichoka, wanibebe, na wakinibeba iwe mchana, watu wakiona, taratibu, maana nina mifupa mibaya na nimekusudia kulalamika njia nzima.

Nikifa kabla yao, msinitoe mlangoni. Wangoje.

Redio

Mwenyekiti, ndugu yangu, ni mimi dada yako. Nimebishana naye tangu barua yako ifike, nikamfichia viatu, na asubuhi hii nimemkuta amekaa kando ya mlango wa mbele miguu mitupu, mkoba magotini. Nimeshindwa. Tunaondoka kesho na gari la wagonjwa la mwenzangu wa hospitalini, sindano ninazo. Likizo nimeomba wamenikatalia, kwa hiyo nimewaachia barua ya kujiuzulu mezani na funguo juu yake. Tafuta kitanda cha pili.